Mama na Lifti ya Mnara

Fundi wa makochi alifanya kazi nzuri zaidi akiwa na hasira. Jirani yake kwenye safu ile ya karakana, mzee mmoja mkata vioo, alikuwa akiwatania wateja: "Ukitaka kochi lako livuliwe likavulika, mletee siku aliyotoka kuongea na kaka yake." Na mzee hakukosea sana. Kuvua kochi ni kutoa kitambaa cha zamani, pini moja baada ya nyingine, mamia ya pini, mpaka zibaki mbao tupu. Siku ambayo simu ya kaka ilikuwa imelia asubuhi, hata saa nne haijafika kochi la watu watatu lilishabaki mifupa, na yeye yuko katikati ya vumbi la sponji, koleo mkononi, anajibizana na mtu ambaye hayupo.

Kwao walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyekuwa binti wa mwisho, kitindamimba, na jina likamganda mpaka ukubwani. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kaka yake, mzaliwa wa kwanza, alikuwa mkuu wa shule, na tangu utotoni nyumba nzima ilimwita Mwenyekiti, kwa sababu hakikuwahi kuwapo kikao, hata cha kuchagua rangi ya pazia, ambacho hakukiongoza yeye. Katikati yao alikuwapo Dada, muuguzi, mtu wa kucheka na kila upande ilimradi siku iishe salama. Baba alikuwa amefariki miaka tisa nyuma. Mama alikuwapo, miaka sabini na minne, mzito wa magoti lakini si wa ulimi.

Kilichokuwa kikimtia Kitinda hasira ni hadithi moja tu ambayo kaka yake hakuchoka kuisimulia. Ilihusu ile safari.

Ukisema "ile safari" katika familia yao, hakuna aliyeuliza ipi. Baba alikuwa fundi mitambo wa reli, na mwaka mmoja shirika likawapa watu wa karakana tiketi za familia nzima, waende wanakotaka. Baba hakufikiria mara mbili. Sebuleni kwao ilining'inia kalenda iliyokwisha miaka miwili nyuma, ambayo mama alikataa katakata kuitoa kwa ajili ya picha zake: mnara mrefu, daraja lenye taa, bustani yenye chemchemi inayorusha maji juu kuliko nyumba. Wakaenda kwenye mji wa kwenye kalenda. Siku tano.

Kitinda alikuwa na miaka saba, na hakusahau hata chembe. Walilala wote watano chumba kimoja, kwenye nyumba ya wageni yenye vitanda vya chuma vilivyolia kila mtu alipogeuka. Kwenye duka moja kubwa waliona ngazi za umeme, na baba akazipanda na kushuka mara nne, uso mkavu, kama mkaguzi aliyetumwa kukagua kazi ya fundi mwenzake, mara ya tano mlinzi akamwuliza, "Mzee, umepoteza nini?" Kwenye jumba la makumbusho waliona mifupa ya nyangumi imening'inizwa darini, watu wote wameinua vichwa kimya, na Dada akauliza kwa sauti, "Sasa nyama yake alikula nani?" Kwenye daraja mpiga picha aliwapanga vizuri, akahesabu moja, mbili, na upepo ukachukua kofia ya baba. Picha ilitoka hivyo hivyo: baba nusu ya mwili yuko nje, anakimbiza kofia, na wengine wote wameachama. Mama aliitundika picha hiyo pale ilipokuwa kalenda.

Siku tano tamu namna hiyo, na Mwenyekiti alibakiza dakika tano tu. Dakika za mlango wa lifti.

"Siku ya nne tukaenda mnarani," ndivyo alivyoanza kila mara, akivuta suruali magotini kama mtu anayejiandaa kula. "Foleni ndefu, watu wa kila taifa, wastaarabu wametulia. Zamu yetu ikafika. Mlango wa lifti ukafunguka, na ghafla mama yenu huyu, puu! Chini! 'Siingii! Siingii kwenye sanduku hilo! Mnataka kunizika nikiwa hai!'"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na kwa kuwa walicheka, kila mwaka Mwenyekiti alitia chumvi. Mwanzoni mama alipiga kelele tu. Baadaye akawa amevua viatu. Baadaye tena akawa amemkumbatia mlinzi mguu. Mwaka juzi mama alikuwa ametambaa kwa magoti mpaka barabarani, na watalii wamempiga picha. Wajukuu waliijua hadithi kwa moyo. Mmoja wao, kila akimwona bibi yake anaingia kwenye gari, alimwuliza, "Bibi, hili nalo ni sanduku?" Mama mwenyewe alitabasamu tu, mikono mapajani, akisubiri iishe.

Kitinda hakucheka hata siku moja. Alitoka kwenda kuosha vyombo. Dada alidhani anaona aibu kwa ajili ya mama. Haikuwa hivyo. Kitinda alikuwa anajua.

Siku ile foleni ilipokaribia mlango, mtoto wa miaka saba alisikia minyororo inanguruma ndani ya ukuta, akaona mlango wa chuma unameza watu kumi na kufumba. Alitaka kumwambia mama, sauti haikutoka. Mlango ulipofunguka mara ya pili, akahisi moto ukimshuka miguuni, ndani ya gauni la njano alilokuwa ameshonewa kwa safari, na maji yakaanza kutanda kwenye sakafu inayong'aa. Nyuma yao walikuwapo watoto wengine, wasafi, wamevaa soksi nyeupe. Mmoja alishaanza kuinamisha kichwa kutazama.

Hapo ndipo mama alipoanguka. Alijiangusha kwa makusudi juu ya maji yale, na sketi yake pana, akamvuta mtoto mapajani, akamfunika kwa mtandio wake mwekundu, na akaanza kupiga kelele. "Siingii! Siingii humo!" Macho yote yakahamia kwa yule mwanamke mnene anayepiga kelele chini. Hakuna aliyemtazama mtoto. Baba aliduwaa. Mwenyekiti, wakati huo kijana wa miaka kumi na mitano anayeanza kuota ndevu, aligeuza uso ukutani kana kwamba hawajui. "Nendeni nyie," mama aliwafokea. "Nitabaki chini na mtoto. Nendeni!" Wakaenda.

Saa mbili zilizofuata zilikuwa za wawili tu. Mama alimpeleka bustanini, akafua gauni kwenye bomba la kumwagilia maua, akalianika juu ya ua wa miti. Mtunza bustani akaja mbio na filimbi yake. "Mama, hapa si mahali pa kuanika nguo!" Mama akamtazama bila kupepesa. "Hiyo si nguo, baba. Hiyo ni bendera yetu. Sisi tumetoka mbali." Mtunza bustani akaenda kufukuza mbwa. Wakala mayai ya kuchemsha na mkate, mtoto amevikwa mtandio kama kifurushi, mama sketi yake imekauka kwa jua. Mama akachagua madirisha ya jengo la mbele, akasema kila dirisha anaishi nani na leo wamegombania nini. Kitinda hakuwahi kucheka vile. Mwishoni mama alimshika kidevu. "Hili ni letu sisi wawili. Umesikia?" Akasema amesikia.

Akalitunza kwa miaka thelathini na minne. Mwanzoni kwa furaha. Kisha kwa aibu. Na kuanzia alipopata akili ya kutambua kwamba mama yake anachekwa kwa kosa lake yeye, na yeye amekaa kimya anakula keki, kwa hasira. Hasira kwa kaka kwanza, maana hiyo ilikuwa nyepesi kubeba. Ile nyingine, ya kujichukia mwenyewe, aliimalizia kwenye pini za makochi.

Jumapili moja wakaja wageni nyumbani kwa Mwenyekiti: wazazi wa kijana aliyetaka kumwoa binti yake mkubwa. Wifi yake Kitinda alikuwa amesafisha mpaka chini ya jokofu. Sebule ilijaa. Mama alikalishwa kwenye kiti chenye mikono ambacho Kitinda mwenyewe alikuwa amekivalisha upya, kitambaa cha kijani, sponji ngumu ili magoti yasihangaike kuinuka. Mambo yalikwenda vizuri. Wageni walikuwa watu wa kiasi. Baba wa kijana alikuwa mpimaji ardhi, mtu wa maneno machache. Mazungumzo yakapoa kidogo, na Mwenyekiti hakuweza kuvumilia mazungumzo yapoe.

"Nyie bado hamjamfahamu mama yetu," akasema, akivuta suruali magotini.

"Kaka," Kitinda akasema, "leo acha."

"Acha nini? Hawa sasa ni ndugu!" Wakacheka kwa adabu. Akaanza. Foleni, wastaarabu, mlango. Safari hii hakuridhika na mdomo. Aliinuka, akasogea kwenye kiti cha kijani, akauvuta mtandio mabegani mwa mama, akajifunga kichwani, akapiga magoti kwenye zulia. "Siingiiii!" akalia kwa sauti nyembamba, akitambaa kuelekea mlangoni, matako juu. "Mtanizika nikiwa haiii!"

Binti akacheka. Wifi akacheka. Hata yule mpimaji ardhi akatikisika mabega. Mama alibaki kwenye kiti, shingo wazi, nywele zake chache nyeupe zimesimama pale mtandio ulipozivuta. Mkono wake ulipanda polepole kuzilaza.

Kitinda aliuona mkono ule, na damu ikamchemka.

"Mrudishie mama mtandio wake."

Mwenyekiti aligeuza kichwa, bado yuko chini. "Ah, Kitinda, usiwe mkali, tunacheka tu."

"Nimesema mrudishie! Mtu mzima unatambaa kama mbwa, unamvua mama nguo mbele za watu, unaita kucheka? Miaka yote hii unamcheka mama, hujui hata unachokicheka! Mama hakuogopa lifti. Mama hajawahi kuogopa kitu. Aliyeogopa ni mimi! Nilijikojolea! Nilikojoa pale chini, mbele ya watu wote, na mama akakalia mkojo wangu ili wewe na wenzako msiuone! Akapiga kelele ili wamtazame yeye! Na wewe uliangalia ukutani, bwana mstaarabu. Ulimkana mama yako. Hilo mbona hulisimulii?"

Mama wa kijana aliweka kikombe mezani taratibu, kama anayeogopa kukiamsha. Mwenyekiti alibaki amepiga magoti, mtandio kichwani, uso umemshuka.

"Kitinda," mama akasema. "Twende jikoni."

Kitinda alidhani anakwenda kukumbatiwa. Aliwaza hata namna atakavyolia. Lakini mama alifunga mlango wa jikoni, akajishikiza kwenye sinki, na alipogeuka macho yake yalikuwa yanawaka.

"Nani kakutuma?"

"Mama..."

"Nakuuliza, nani kakutuma? Nimekutunzia siri yako miaka thelathini na minne. Baba yako kafa hajaijua. Leo unakuja kuimwaga kwa watu ambao hata majina yao sijayashika!"

"Wanakucheka, mama! Mimi siwezi kuvumilia wakicheka!"

"Wananicheka mimi. Wewe inakuwasha wapi?" Mama alishusha sauti, na hapo ndipo ilipotisha zaidi. "Unadhani mimi nasikiliza anachosema yule? Akianza tu 'siku ya nne tukaenda mnarani', mimi huyo nimeshaondoka. Niko bustanini. Naona gauni lako linakauka. Nakula yai. Kila mwaka ananirudisha pale bure, na hakuna aliyejua niko wapi. Kilikuwa kitu changu. Katika nyumba ile, na watoto watatu na mume na mashine ya kufulia mbovu, unajua mimi nilikuwa na vitu vingapi vya peke yangu?"

Kitinda aliokota kitambaa cha vyombo, akakikunja.

"Sasa mmekigawana," mama akasema. "Nenda kaniletee mtandio wangu. Nataka kwenda nyumbani."

Kitinda alitoka jikoni ana hasira na kila kiumbe kilichokuwa na pumzi. Na kaka yake, na wageni, na yule mtoto wa miaka saba. Na mama pia, hilo lilimshangaza. Mtu unampigania, anakugeukia wewe! Siku tatu mfululizo alivua makochi. Alivua hata kiti ambacho mteja alitaka kibandikwe kishikizo kimoja tu, ikabidi akivalishe chote upya kwa kitambaa chake mwenyewe. Mkata vioo alichungulia mlangoni mara moja, akaona uso, akarudi kwenye vioo vyake bila utani.

Ndoa haikuharibika. Mpimaji ardhi alimwambia mtoto wake, na mtoto akamwambia mchumba, kwamba familia ambayo ina bibi wa aina ile haina neno. Lakini Mwenyekiti hakumpigia simu Kitinda kwa miezi mitano, wala Kitinda hakumpigia. Dada alihangaika katikati, akipeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma.

Mwezi wa sita Mwenyekiti akatokea karakana. Alisimama kati ya makochi mawili yaliyovuliwa, koti la suti mkononi, akitafuta pa kukaa pasipo na pini.

"Mwaka ule," akasema bila salamu, "nilisubiri kwenda juu ya mnara kuliko nyie wote. Nilikuwa nimesoma kila kitu. Ngazi ngapi, ulijengwa lini, mto unaonekana upande gani. Nilitaka kumweleza baba."

Kitinda aliendelea kung'oa pini.

"Tulipofika juu baba hakunisikiliza. Alishika chuma cha ukingoni, akatazama chini tu. 'Mama yenu yuko wapi? Unamwona mama yenu?' Saa nzima. Namwonyesha mto, anauliza mama yuko wapi. Hakuuona mji hata kidogo." Alihamisha koti mkono wa pili. "Nilimchukia mama siku ile. Nilisema ameniharibia. Nadhani... nadhani ndiyo maana nilianza kuisimulia."

"Na miaka thelathini na minne hasira haikuisha?"

"Yako imeisha?"

Swali lile likamkasirisha upya. "Yangu ina sababu!" akasema, akapiga koleo mezani. "Usije hapa na suti yako kunifananisha na wewe. Umekwenda kumwomba mama radhi?"

"Nilikwenda."

"Akasemaje?"

"Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia mlango nilioingilia ndio huo huo wa kutokea."

Kitinda aliuma mdomo wa chini ili asicheke. Hakutaka kumpa zawadi hiyo. Alimsukumia kwa mguu kigoda kilichokuwa chini ya meza, na Mwenyekiti akakaa. Hawakuombana radhi. Walikaa hapo mpaka chai ya mkata vioo ikaletwa, wakimlaumu mama kwa ukaidi wake, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni walikubaliana juu ya kitu.

Mama aliwasamehe kwa namna yake, yaani hakuwaambia kama amewasamehe. Siku ya chakula cha mchana nyumbani kwa Dada, ukoo mzima umekaa, wakwe wapya wamo, alikohoa, akavuta gauni lake magotini, akasema, "Siku ya nne tukaenda mnarani."

Watu wote wakageuka kumtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama sahani.

Mama alisimulia nusu saa. Hakumbakiza mtu. Alimsimulia baba akikagua ngazi za umeme, akamsimulia Mwenyekiti na vinyweleo vyake vitatu vya ndevu akijifanya hana wazazi, akawaonyesha alivyosimama, uso ukutani, kama mtu anayenusa rangi. Ukoo ulilia kwa kicheko. Mwenyekiti alikuwa mwekundu wa macho, akicheka upande mmoja tu wa mdomo. Kisha mama akamfikia Kitinda. Akaeleza gauni la njano. Akaeleza soksi nyeupe za watoto wa watu. Akaeleza mkojo, mwendo wake, upana wake, jinsi ulivyokaribia viatu vya bwana mmoja mwenye kamera. Kitinda alikaa masikio yakimwaka moto, akiona wapwa zake wanamtazama kwa macho mapya yasiyo na heshima hata kidogo, na shingo ikaanza kumvimba kwa hasira ile ile ya siku zote.

"Na tulipofika bustanini," mama akaendelea, akichota wali kwa utulivu, "akakojoa tena. Kwenye mtandio wangu."

"Mama!" Kitinda aliruka kutoka kwenye kiti, kijiko mkononi. "Huo ni uongo! Ilikuwa mara moja tu!"

"Kaa chini, Kitinda," mama akasema. "Sijamaliza."